Miezi Tisa, Kilo Sita

Akina mama, mniwie radhi nikisoma. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama bila karatasi nitatukana, na hapa ni kanisani. Mungu ni mwema, na Yeye sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na watu. Majina sitataja, lakini mwenye kujijua atajijua.

Mnanijua. Nilipata mtoto kabla matokeo ya Form Four hayajatoka. Wengine wenu mlinisengenya, na leo mmenipikia chai, asanteni. Mama yangu hakunisengenya. Aliuza mbuzi wawili akanipeleka chuo cha kompyuta, kile kilichokuwa juu ya duka la mabati.

Pale chuoni tulikuwa wawili kwa kila kompyuta. Mmoja anashika mausi, mwingine anakaa kwa kibodi. Na nani alishika mausi? Mwanaume, kila siku. "Wewe andika, mimi nachora," aliniambia yule jamaa niliyekaa naye. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora dirisha la programu. Unavuta kisanduku cha kuandikia kutoka pembeni, unakiweka kwenye fomu, unakinyoosha, halafu chini unaweka kitufe cha kuhifadhi, vile mtu anapanga vyombo kwa kabati. Nikasema sitakaa hapa kama mgeni. Nikajifunza kupanga kwa vidole. Kitufe cha Tab kinakurusha kutoka kisanduku kimoja mpaka kingine. Ukishika Control na mshale, kisanduku kinasogea hatua moja. Shift na mshale, kinarefuka. Mwalimu aliniona akacheka, "Huyu ana gari lakini analisukuma." Wacha acheke. Mtihani nilipita.

Ofisi moja hapa Kitengela ikaniandika. Bosi alikuwa kijana wa tai, viatu vinang'aa hata kwa vumbi letu hili. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilitoka kliniki moja ya watoto, Kajiado. Pale kila mtoto hupimwa, na aliye mwepesi kuliko umri wake anawekwa kwenye orodha ya kupewa unga wa uji. Walikuwa wanaandika kwa kitabu kikubwa, sasa wakataka kompyuta. Visanduku vitano tu: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, umri kwa miezi, uzito kwa kilo. Kitufe cha kuhifadhi sikuweka, unabonyeza F2 tu. Nilivichora kwa kufuata kadi ya kliniki, kutoka juu kwenda chini. Kisha nikajaribu bila kugusa mausi, macho kwa kadi, vidole kwa kibodi, kwa sababu mtu mwenye rundo la kadi mezani hivyo ndivyo anafanya kazi. Kila kitu kikaingia mahali pake. Nikaweka nakala kwa disketi yangu.

Asubuhi ya kwenda kukabidhi, bosi akaketi kwa kiti changu.

"Mama Toto, hiki kisanduku cha umri kimepinda."

"Hakijapinda, bosi. Nilikifanya kifupi kwa sababu miezi ni tarakimu mbili."

"Mteja hununua kwa macho." Akashika mausi.

Mimi nikaenda kwa jirani kumnyonyesha mtoto. Niliporudi, visanduku vyote vilikuwa vimelingana kama meno ya matangazo. Sikujaribu tena. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali mbele yenu. Nilidhani mtu akisogeza kiti, nyumba haibadiliki.

Baada ya wiki chache simu ikalia kutoka Kajiado. Watoto wembamba wameandikwa wanene. Mama mmoja ametembea kutoka huko ndani na mtoto wa miezi tisa mwenye kilo sita. Sita! Nyinyi ni wazazi, mnajua mtoto wa kilo sita anayetakiwa awe anasimama kwa kushika kiti. Lakini anayegawa unga hapimi mtoto, anaangalia orodha. Na orodha ilisema miezi sita, kilo tisa. Mtoto bonge. Yule mama akaambiwa, "Wako yuko sawa, kompyuta imesema." Akarudi nyumbani mikono mitupu, na kliniki hakuonekana tena.

Bosi hakuuliza swali hata moja. Alisimama katikati ya ofisi, watu wote wanasikia, akasema, "Wewe ndiye ulichora. Akili yako iko kwa maziwa. Nenda ukalee."

Na mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, nikaamini. Hapo ndipo nilianguka. Kufukuzwa kazi si kitu, watu wanafukuzwa kila siku. Mimi niliamini nimewanyima watoto chakula. Nikaanza kufua nguo za watu, na hiyo si aibu, sabuni haina dhambi. Aibu ni kwamba niliacha kumpeleka wangu kupimwa. Nikiona mzani naona yule wa Kajiado. Nikimlisha wangu, kijiko kinasimama njiani. Mama yangu akaniuliza, "Kwani huyu naye amekosa nini?"

Miezi mitatu hivi. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, mwanamke wa makamo akabisha hodi kwetu, shanga shingoni, mkoba wa ofisi mkononi.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko."

Alikuwa karani wa ile kliniki, ndiye aliyekuwa akiingiza zile kadi. Hakutaka hata kukaa. "Wewe ndiye ulitengeneza ile kitu?" Nikaanza kulia, nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Wacha hiyo. Huyo mdosi wako alikuja, akabonyeza na mausi, bonyeza, bonyeza, akasema mashine iko sawa, ni mimi sijui kusoma. Wananifukuza mwisho wa mwezi. Mimi nimepiga taipu miaka kumi na mbili! Sita naijua na tisa naijua. Kesho utakuja ukae kando yangu uniangalie. Kama ni mimi, niambie usoni."

Nikaenda. Nilichukua ile disketi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda.

Nikakaa kando yake. Nikamwambia, "Mama, andika kama kawaida, usinijali." Vidole vyake vilikimbia, macho hayakutoka kwa kadi. Jina, Tab. Mama, Tab. Kijiji, Tab. Akaandika tisa, umri. Na mimi niliyekuwa naangalia skrini nikaona ile tisa ikiruka kisanduku cha umri, ikaanguka kwa uzito! Tab. Akaandika sita, ikapanda juu kwa umri. Akahifadhi, akachukua kadi nyingine. Hakuwa ameona kitu, na hangeona, kwa sababu macho yake yalikuwa mahali yanapotakiwa kuwa.

Nilipiga kelele mpaka sista msimamizi akaja mbio akidhani mtoto ameanguka.

Nikaweka disketi yangu. Nikamwambia karani, "Andika kadi ile ile." Tisa ikaingia kwa umri. Sita ikaingia kwa uzito. Sista akaangalia ile ya kwanza, akaangalia yangu. Akaenda kumpigia bosi simu. Alipofika, na tai yake, sista akamuuliza, "Ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha. Niliweka sawa tu. Kisanduku cha umri kilikataa kulingana, nikakifuta, nikachora kingine pale pale, nikakipa jina lile lile."

Basi sikieni, maana hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataelewa. Tab inafuata foleni, na foleni ni vile visanduku vilichorwa, cha kwanza mpaka cha mwisho. Ukifuta kimoja na kuchora kipya, kipya kinaenda mkia wa foleni, hata ukikiweka katikati ya skrini. Kwa macho kiko mbele ya uzito. Kwa vidole kiko nyuma. Anayejaribu kwa mausi hawezi kuona, kwa sababu yeye anabonyeza pale anapotaka.

Nikamweleza hivyo. Mnajua alisema nini? "Kumbe ni kitu kidogo hivyo!" Akacheka.

Karani akamgeukia. "Kidogo? Basi wewe nenda kwa ule mama ukamwambie ni kidogo."

Akaangalia viatu vyake. Msamaha sijauona mpaka leo, na nasikia anawaonyesha wateja lile dirisha kama kazi ya mikono yake.

Wiki mbili nilikaa na karani tukirudia kadi zote, moja baada ya nyingine. Tulipata watoto saba waliopitwa. Sista aliwatuma wauguzi nyumbani kwao. Yule wa kilo sita walimkuta hai. Hai, asante Mungu, lakini alilazwa, na kutembea amechelewa sana. Hilo sitaliweka sawa mimi, wala mausi ya mtu yeyote. Nikimkumbuka nakasirika upya. Mchungaji ameniambia nisamehe. Najaribu, Mchungaji. Nipe muda.

Kliniki ilinipa kazi, na mpaka sasa niko nayo. Wangu nilimpima siku ile ile ya disketi kwa ule mzani wa Kajiado, na yuko sawa.

Nawashukuru nyinyi mliokaa na mtoto wangu zile wiki mbili bila kuniuliza narudi lini. Namshukuru mama yangu na mbuzi wake. Namshukuru yule karani aliyekataa kuitwa mjinga, maana mimi nilikuwa nimekubali.

Mabinti, mkiambiwa mmekosea, msikimbilie kulia kama mimi. Kwanza mwambie mtu akuonyeshe kosa liko wapi. Likiwa lako, libebe. Na wenye watoto wadogo, siku ya kliniki shika kadi yako, zunguka upande ule wa meza, usome kilichoandikwa kwa skrini. Wakisema kompyuta imesema, waambie kompyuta haina mdomo. Kuna mtu ameandika, na mtu anaulizwa.