Anaclet Akonkwa, baba aliyekataa kuwa mgeni wa watoto wake

Mapadri wetu, wazee wa ukoo, jirani za Nyalukemba, nanyi mliotoka Katana na Kamanyola, mimi ni Fabiola, mtoto wa kwanza wa marehemu, na historia hii ilipaswa kusomwa na baba yangu mdogo, tonton Alphonse, lakini jana jamaa ilipoamua kwamba sehemu ya talaka iondolewe ili tusiaibike mbele ya watu, niliomba niisome mwenyewe, kwa sababu ukiiondoa sehemu hiyo, mtu tunayemzika leo si papa, baba yetu.

Papa Anaclet Akonkwa alizaliwa Katana, tarehe 14 Aprili 1974, mtoto wa tatu wa muzee Modeste na mama Adèle, ambao wote wamemtangulia. Shule ya msingi aliisoma hukohuko Katana, akaimaliza mwaka wa 1986, kisha akaja Bukavu kwa masomo ya sekondari, akapata diplome ya Serikali mwaka wa 1993, akatamani kuwa mwalimu, lakini baba yake alifariki mwaka uleule, naye akaanza kukanda unga kwa mtu mmoja wa Nyalukemba, na kazi aliyoiingia kwa shida akaja kuipenda, mpaka mwaka wa 2001 akajenga tanuru lake mwenyewe, na wengi wenu hapa mmekula mkate wake bila kumjua.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na mama yetu, Mélanie, anayeketi pale mbele, nimemweka pale mimi, na asiinuliwe. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 11 Machi 2005, na David aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2011. Walipendana, kisha wakachokana, wakagombana kwa maneno tuliyoyasikia kupitia ukuta wa mbao, na nani alikosa zaidi sitasema, maana hata papa hakusema kamwe mbele yetu.

Mwezi wa Agosti 2014 maman alituchukua, akarudi kwa wazazi wake Kamanyola, na mwaka uliofuata tribunal ilivunja ndoa, sisi tukakabidhiwa mama, papa akaachiwa Jumapili moja kwa mwezi. Siku ya hukumu avoka, yaani wakili, wa upande wa maman alimwuliza, "Papa, weye unafanyaka mikate usiku, nani atakuwa anabapikia?" naye akajibu, "Mutu mwenye anapikia quartier muzima, atashindwa kupikia batoto yake mbili?" Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho alichorudi nacho nyumbani, pamoja na sentensi moja ambayo kila mtu alimwambia, kwamba mtoto mdogo ni wa mama.

Jumapili yake ilipofika alishuka Kamanyola, vumbi la barabara ya mlima Ngomo likiwa bado kwenye koti, na mara nyingi mjomba Bruno alimjibu akiwa ndani, mlango umefungwa, "Batoto bamelala," saa sita ya mchana, nami nilikuwa nyuma ya mlango huohuo, macho wazi, mkono wa mtu ukiniziba kinywa. Mjomba yupo hapa, anajua ninachosema, papa alimsamehe, lakini kusamehe si kusema kwamba jambo halikutokea.

Upande wetu, wa jamaa ya papa, nao haukuwa bora. Walimwambia kwamba kwa desturi yetu sisi Bashi watoto ni wa baba, basi vijana waende wawachukue, na tonton Alphonse alikwisha kutafuta gari, lakini papa akakataa, akisema, "Batoto yangu haiko mbuzi, sitabaiba, ninarudia ku tribunal." Wapo waliomwita mwanaume aliyeshindwa na mwanamke. Yeye akamwachia msaidizi kazi ya usiku, akaongeza chumba cha pili, akajifunza kusuka nywele kwa jirani yetu mama Micheline, wapita njia wakimcheka barazani, akarudi mahakamani, hakimu akahamishwa, papa akarudi tena.

Tarehe 17 Mei 2018 hakimu wa watoto, mwanamke mpole, alitusikiliza mimi na David bila wazazi, akaniuliza ninataka kukaa kwa nani, nikamjibu, "Sitaki kuchagua, ninataka bafungue mulango." Aliamua kwamba wakati wa masomo tukae Bukavu kwa papa, na likizo zote kwa maman. Papa hakushangilia, alimngoja maman kwenye ngazi, akamwambia, "Mélanie, ukuje wakati unataka, hata kama haiko siku yako," na neno hilo alilishika, hata David alipougua malaria, maman alilala kwetu mpaka homa iliposhuka, na waliotaka kusema wakasema.

Tangu hapo akina baba wengi walimfuata kwenye tanuru, wakitaka awaonyeshe njia ya tribunal, naye aliwauliza kwanza jina la mwalimu wa mtoto, na aliyeshindwa kulitaja, papa alimwambia, "Weye unatafuta kuumiza bibi yako, hautafute mutoto," akamrudisha nyumbani na mkate.

Mwezi wa Februari 2023 alipatwa na maradhi ya figo, akatibiwa hapa Bukavu, kisha hospitali ya Katana, na huko alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Alhamisi iliyotangulia alimwomba daktari abaki chumbani awe shahidi, akatuita maman, tonton Alphonse na mimi, akasema, "Nikienda, David anaenda kwa mama yake. Sikupigania haki ya ukoo, nilipigania mutoto akuwe na bazazi." Hakuna aliyembishia. Lakini jana nimesikia tena, hapa msibani, kwamba David ni wa ukoo na atapelekwa kukaa Katana baada ya matanga. Basi ninasema mbele ya jeneza hili, David atapanda gari na maman Jumamosi hii, mimi mwenyewe nitabeba mizigo yake, na anayetaka kumzuia aende tribunal, asimame mbele ya hakimu, ajibu maswali, kama papa alivyofanya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mapadri, jirani wote wa Nyalukemba, mama Micheline, wafanyakazi wa tanuru ambao hawakumwacha hata siku asiyoweza kusimama, na mjomba Bruno, aliyelibeba jeneza asubuhi hii bila kuombwa.

Papa, chukua amani yako, upumzike nayo, kelele utuachie sisi.