Deusdedit Rwechungura, Fundi wa Mafuvu

Baba Padre, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono licha ya barafu hii, mimi ni Severin, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Deusdedit Rwechungura, ambaye wengi mlimwita Ta Deo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya misheni palepale, kisha sekondari mjini Bukoba hadi 1970, na Septemba 1975 akaja Stockholm kwa mafunzo ya ufundi wa maabara.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika ghala la jumba moja la makumbusho, kazi yake ikiwa kusafisha mifupa ya reptilia, na huko, bila shahada yoyote, alijifunza kuyatambua makundi yao kwa mafuvu, kobe asiye na tundu nyuma ya jicho, mamba mwenye matundu mawili kila upande, nyoka ambaye taya lake la chini halikuungana mbele.

Alifunga ndoa na Ma Agripina tarehe 8 Agosti 1981, wakaishi Akalla, wakajaliwa Brigitha na Goodluck, waliozoea kumwona baba akichambua kichwa cha samaki mezani mpaka mama aondoe sahani, na Brigitha akilalamika kwa Kiswidi kwamba rafiki zake hawatakuja tena, nao walikuja, wakitaka kuona.

Novemba 2004 alikuta fuvu dogo lililotoka Tanganyika, ambalo kwa miaka sabini kibandiko chake kilisema ni la nyoka, akamwambia mkuu wa idara kuwa ni la mjusi asiye na miguu, mkuu akakataa, naye, ingawa aliogopa kuonekana mjuaji, akarudi mara tatu, akisema, "Naomba uangalie taya tu, limeungana mbele," hadi Machi 2005 mkuu alipoliweka chini ya darubini, akasema, "Deo, umesema kweli," kisha akaandika kibandiko kipya chenye jina la aliyelitambua, D. Rwechungura. Siku hiyo alinipigia simu Bukoba, akanisomea kibandiko hicho kwa furaha.

Alistaafu Aprili 2012, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2013, akafariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2014, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Akalla, hasa Mama Célestine aliyetulisha wiki nzima, na wenzake wa kazini mliosimama pale nyuma.

Ta Deo, uliipenda kazi yako ukaifanya, watoto wako wamekua, nasi tumeridhika nawe, pumzika kwa amani.