Raba za Mkunga

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mkunga mstaafu alikuwa akifunga kamba za raba mpya, nene kama mikate. Dada wa visigino virefu aliyeketi kando yake alishindwa kujizuia. "Mama, ng'ambo utakwenda na hizo? Si umesema wakwe wa mwanao watakuja kukupokea?"

"Waje. Miaka thelathini nimesimama wodini na viatu vya kufurahisha macho ya watu. Tazama vidole vilivyopinda."

"Lakini haziendani na gauni."

"Gauni halitembei, mwanangu. Huko nataka kutembea."

"Uzee si ruhusa ya kujiachia, mama."

"Nani kaomba ruhusa?"

Mimi, mwenye viatu vya kubana, nikaficha miguu chini ya kiti. Basi likasimama, mkunga akainuka.

"Mama, kwako bado vituo viwili," kondakta akamwambia.

"Najua. Vilivyobaki natembea," akasema, akashuka.