Mwalimu Dama na Karatasi ya Kiingereza ya Mdogo Wake

Mchungaji, wazee, jirani zetu wa Kuze, walimu wenzake, na wafanyakazi wa bandari ya Kilindini mlioomba ruhusa kuja hapa makaburini Mbaraki, familia inawaomba mlivumilie jua, kwa sababu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, si mtu wa kusomwa kwa mistari miwili, na aliyepewa kazi ya kuiandika historia hii na kuisoma ni mdogo wake, Mung'aro Kazungu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulifupisha jambo.

Mwalimu Loise Dama Kazungu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Aprili 1968 huko Rabai, siku ya mvua kubwa ambayo mkunga ilibidi abebwe mgongoni na wanaume wawili kwa zamu, na asiyeamini hilo ana bahati kwamba wote wawili wamekwisha kufa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kazungu, aliyekuwa dobi, na marehemu Mama Sidi, na baada yake wakazaliwa wengine ambao hawakukaa, mpaka mwaka 1974 alipozaliwa Mung'aro, akakaa. Mama yao alifariki mwezi Mei 1981, Mzee Kazungu akawachukua watoto wake wawili akaja nao kisiwani, akapanga chumba Kuze, akawa anapiga pasi kanzu za mtaa mzima, na Dama, akiwa na miaka kumi na mitatu, ndiye akawa wa kumuogesha mdogo wake, kumpikia uji, kumtafutia kiatu cha pili kila asubuhi na kumpeleka shule kwa kumshika sikio.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981 na sekondari hapa hapa kisiwani mwaka 1985, akafaulu vizuri sana, na alikuwa nyumbani akingoja nafasi ya chuo lilipotokea jambo ambalo familia imeona lisemwe leo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa maisha yake yaliyobaki. Mwezi Juni 1986 Mung'aro, akiwa darasa la sita, alisimamishwa mbele ya shule nzima na mwalimu mmoja, akaambiwa aseme sentensi moja tu ya Kiingereza kuhusu baba yake na kazi yake, akaikosea, akaambiwa arudie, akaikosea tena, na mara ya tatu watoto mia sita wakacheka kwa pamoja, na mwalimu akacheka nao. Dada yake alimkuta mchana chini ya kitanda, akalala naye sakafuni huko huko mpaka baba yao aliporudi, wala hakumwambia toka. Mung'aro hakurudi shule tena. Kwa miaka thelathini na saba amewaambia watu kwamba aliacha shule kwa sababu aliwamaliza walimu, na wengi wenu hapa mmeisikia hiyo mara nyingi, mkaivumilia, nasi tunawashukuru.

Siku zile ndipo Dama alipoamua kuwa mwalimu wa Kiingereza. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 1987, akatoka 1989, na Januari 1990 akaanza kazi katika shule ya msingi hapa kisiwani, ambako alifundisha miaka thelathini na mitatu bila kumcheka mtoto hata mmoja. Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na Bwana Kavumbi, dereva wa winchi wa Kilindini, mtu mpole aliyekuwa amemwandikia barua ya posa kwa Kiingereza, na Dama akamrudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na chini amempa saba kwa kumi na neno moja la kukubali, na barua ile Kavumbi alitembea nayo mfukoni mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti yetu Terry, aliyezaliwa mwaka 1998 na ambaye leo ni muuguzi. Bwana Kavumbi alimtangulia mke wake tarehe 3 Machi 2015, kwa maradhi ya moyo.

Sasa tuingie katika kazi yake hasa, ile ambayo hakuna serikali iliyomtuma. Mwaka 2011 familia ya Bi Saadia wa Kuze ilimfungulia chumba cha chini cha nyumba yao, kilichokuwa ghala la samli, na humo kila siku baada ya alasiri mpaka karibu na maghrib akawafundisha watu wazima walioikosa shule, wake wa nyumbani, wachukuzi, wauza viungo, na Bi Saadia mwenyewe, aliyetolewa darasa la tano ili aolewe. Jambo lililowashinda wote lilikuwa moja, kumlinganisha mtenda na tendo lake, kwa maana Kiingereza kina herufi s inayokuja mwishoni mwa tendo kwa mtu mmoja na kuondoka kwa wengi, na mtu wa hapa akiiona huidhani ndiyo ya wengi. Mwalimu aliwaambia, "Jamani, nani aliwafundisha kusema kiti kimevunjika na viti vimevunjika? Hamkufundishwa, mlinyonya. Basi na huku ni huko huko, ila mnanyonya mkiwa na meno."

Akiona bado, aliwatoa nje kwenye kichochoro na leso. Ncha moja alimfunga mwanafunzi mmoja mkononi, ndiye mtenda, ncha ya pili alimfunga mwingine, ndiye tendo, kisha akawapenyeza watu wengine katikati, wamvute tendo, wamwite, wampigie kelele. Siku moja mtenda alikuwa kikapu, na katikati wakaingia samaki, wakaingia na jirani wenye samaki, watu kumi na wawili, na Bi Saadia alikuwa tendo, wote wanamwita, "Njoo kwetu, sisi ndio wengi!" naye amesimama amefumba macho, anaifuata leso kwa vidole mpaka akamfikia kikapu wake. Ghassan, muuza viungo wa ng'ambo ya njia, alitoka dukani akauliza ni harusi ya nani, na watu waliosimama kutazama siku ile walijaa mpaka barabara kuu, magari yakazimwa, hilo nimeliona. Sheria ilikuwa moja, anayemcheka mwenzake akikosea anachukua ufagio na kufagia kichochoro chote, na Ghassan, ambaye hata hakuwa mwanafunzi, alifagia mara nne.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hataki kuingia chumba kile, naye ni Mung'aro. Alikuja, naam, alikaa barazani nje, akawatania wanawake wakitoka, "Bi Saadia, leo mmefungwa leso, kesho mtafungwa kamba!" na Bi Saadia akamjibu, "Ingia basi, shujaa, tukuone," naye akakumbuka kwamba ana miadi. Dada yake hakumlazimisha. Ila kila Januari, kwa miaka kumi na miwili, alimuuliza mara moja tu, "Mung'aro, mwaka huu?" na kila Januari alijibiwa kwa hadithi. Mwalimu Dama hakuwa na haja nyingi duniani, na aliyemjua alijua kwamba iliyo kubwa ni kumuona mdogo wake ameufanya mtihani wa darasa la nane, hasa karatasi ile ya Kiingereza, akatoka na kichwa chake juu.

Mwezi Juni mwaka huu madaktari walimuona na saratani ya ini, na mwezi huo huo ndipo tuliposikia kwamba mtihani wa darasa la nane wa mwaka huu ndio wa mwisho, baada yake haupo tena. Kwa mambo hayo mawili, Mung'aro aliingia chumbani. Aliketi nyuma, kati ya Bi Saadia na gunia, akafungwa leso kama wengine, akavutwa, akakosea, wala hakuna aliyecheka. Huko Kilindini anakofanya kazi, msimamizi wake alikwisha kumuahidi kwamba akikipata cheti cha darasa la nane atamtoa kwenye ukuli na kumweka karani wa lango, naye, kama mnavyomjua, alikwisha kuwatangazia watu hata wa Likoni.

Tarehe 28 Oktoba Mwalimu alizidiwa, akalazwa katika hospitali hapa kisiwani. Jumatatu tarehe 30 mtihani ulianza. Asubuhi Mung'aro alifanya hesabu, tena vizuri, lakini ulipofika muda wa mapumziko kabla ya karatasi ya Kiingereza alisimama uani mwa shule, akasikia kengele, akaona watu wanajipanga mstari, na miguu yake ikamtoa langoni. Hakuifanya. Alitembea mpaka ufukweni pa Mama Ngina, akakaa ukutani akitazama meli, akanunua mihogo ya kukaanga ya pilipili na ndimu, na hakuweza kuila. Siku mbili zilizofuata alirudi akafanya masomo mengine, na kwa vile Bi Saadia, aliyekuwa akiufanya mtihani huo huo madawati matatu nyuma yake, hakumuuliza kitu, akadhani hakuonekana.

Jumanne jioni, saa ya kuwaona wagonjwa, dada yake alimuuliza, "Vipi ile ya Kiingereza?" naye akajibu kwamba ilikuwa rahisi mpaka akaionea huruma. Dada akafumba macho akamwambia, "Nisimulie. Lakini nisimulie kwa Kizungu." Basi akasimulia. Hakuwa na njia nyingine, uongo ulikwisha kutoka na ulitaka miguu. Alisimulia maswali ambayo hayakuulizwa, insha ambayo haikuandikwa, habari za mtu aliyepotelewa na mbuzi sokoni, na kila tendo lilipomponyoka dada aliinua kidole kimoja juu ya shuka, naye anarudi nyuma, anamtafuta mtenda, anarekebisha. Kesho yake tena, "Nisimulie," na kesho kutwa tena. Hadithi ikakua, mbuzi wakawa watatu, msimamizi wa chumba cha mtihani akasimama kumpa mkono, na mgonjwa wa kitanda cha pili, Mama Nekesa, akawa anaomba asogezwe karibu asikie. Siku moja dada alimkatiza, "Maswali yalikuwa mangapi?" akasema sitini. "Jana yalikuwa hamsini." "Walituongezea, dada." Dada akacheka mpaka Terry akaja kumshika mbavu, na hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichokisikia kwake.

Kuanzia tarehe 9 Novemba kidole hakikuinuka tena. Mung'aro alisimulia, akangoja, hakuna kitu, akajua nguvu zimekwisha, akawa anatoka nje ya wodi kulia kisha anarudi kumalizia habari za mbuzi. Kila siku alikusudia kumwambia ukweli, na kila siku aliuahirisha mpaka kesho. Mwalimu Loise Dama alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mkono wake ukiwa mikononi mwa Terry, na Mung'aro akiwa njiani.

Juzi, Alhamisi, watu wakiwa wamekaa matangani wakimpa Mung'aro pole ya dada na hongera ya mtihani kwa mkono mmoja, naye akizipokea zote mbili, Bi Saadia alimwita pembeni, akamwambia, "Kaka, mwalimu alijua." Ile Jumatatu, alipotoka tu kwenye mtihani, Bi Saadia alikwenda moja kwa moja hospitali, akamwambia dawati la Mung'aro lilikuwa tupu, na Mwalimu akageuzia uso ukutani akalia, muda mrefu, chai ikapoa. Kisha akasema, "Usimwambie kwamba najua. Kesho atakuja na hadithi, huyo namjua. Nitamwambia aisimulie kwa Kizungu." Na Mung'aro alipouliza habari za kidole, kwamba siku zile za mwisho dada hakuwa na nguvu hata za kukiinua, Terry aliyekuwa amesimama pale alisema, "Mjomba, mama alikuwa akishika kikombe mwenyewe mpaka Jumapili. Alikuwa anakusikiliza tu. Hukuwa unakosea."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, Mama Nekesa aliyetoka wodini juzi na leo yuko hapa, walimu wenzake walioshika vipindi vyake tangu Juni, familia ya Bi Saadia na wanawake wa Kuze waliopika siku nne mfululizo kwa watu wasio wa dini yao, Ghassan aliyeleta mchele na kukataa kushukuriwa, na wenzetu wa Kilindini. Kwenu ninyi wa Kilindini, na kwa msimamizi aliye hapa, matokeo yatatoka siku chache zijazo, na penye Kiingereza cha Mung'aro Kazungu hapatakuwa na kitu, basi lile lango apewe mwingine, na zile hongera mlizompa anawarudishia. Alipewa nafasi ya kumwambia dada yake siku kumi na nne akiwa hai, hakuweza, sasa anamwambia mbele yenu kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu: dada Dama, sikuufanya.

Pumzika kwa amani, mwalimu wangu, hakuna tena anayekudanganya.