Hakimu Aliyecheka

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu, naye angekuwapo angeniagiza nisimame wima na nisitie chumvi, basi nitajitahidi.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa mama yetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari 1975, na mwaka uliofuata akaajiriwa ukarani wa mahakama, akapiga chapa hukumu za watu mpaka alipostaafu, bila kukosea hata nukta. Tarehe 12 Agosti 1984 alimwoa shemeji yetu huyu, fundi wa mavazi ya jukwaani, wakajaliwa mabinti wawili.

Jioni aliongoza kikundi chetu cha maigizo, na sheria yake ilikuwa moja, anayecheka jukwaani bila kuandikiwa kicheko anatoka na harudi. Alimtoa muuza vitabu, akamtoa mwalimu wa hesabu, akamtoa hata mkewe, aliyemwomba huku analia, akaambiwa akashone. Tarehe 3 Juni 2006 tuliigiza ile tamthilia kongwe ya hakimu anayemnyonga mtu kwa kosa analolitenda mwenyewe, yeye hakimu, mimi mshtakiwa, nikapiga magoti kuomba rehema, suruali ikachanika nyuma, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na kaka, na joho lake, akacheka mpaka akashikilia meza.

Nyuma ya pazia alinitazama tu, ningesema yaishe, yangekwisha. Nikamwambia mbele ya wote, sheria ni yako, bwana mkubwa, toka. Akavua joho, akalikunja vizuri, akatoka, nami nikakalia kiti chake miaka kumi na saba, nikingoja aje aombe kurudi.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Mwaka huu, wake wa mwisho, shemeji alinipigia simu, akasema, shemeji, kaka yako anauliza kama ipo nafasi, hata ya kuvuta pazia, nami kwa mbwembwe zangu nikajibu aandike barua ya maombi. Aliandika kweli, ikanifikia Jumatatu, nikaiweka tuijadili kikaoni Ijumaa. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba mpaka kwenye gari, na makarani wenzake. Kikao kilikaa Ijumaa hiyohiyo, barua ikasomwa, hakuna aliyepinga, na ile sheria tukaifuta.

Umekubaliwa, kaka. Nisamehe kwa kuchelewa. Pumzika.