Mama Kiti wa Pilipili: Maisha ya Eddah Kadzo Ngowa, 1938–1998

Dada yetu Eddah Kadzo Ngowa alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 karibu na Kaloleni, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ngowa na marehemu mama Kache. Mama alikuwa akisema Kadzo alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakuna aliyefaulu kumkalisha. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Chonga. Ni mmoja wa waliojaribu.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1947, akafika darasa la nne. Alitoroka mara mbili, si kwa kuchukia masomo bali kwa kuchukia benchi. Mwalimu akaona afadhali ampe bustani ya shule aitunze. Huko ndiko alikopanda pilipili kichaa yake ya kwanza, akaila papo hapo, machozi yakimtoka huku akicheka.

Tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa kanisani na Dzoro Kiti, mpagazi wa gatini Mbaraki, wakahamia Majengo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kiti na Caroline. Humo Majengo walihama nyumba sita. Mara ua ni mdogo, mara jua halifiki. Shemeji yetu alizoea kubeba mikebe ya pilipili kwanza, godoro baadaye. Alimtangulia mwaka 1983.

Kuanzia 1967 hadi Juni 1993 marehemu alisafisha samaki Liwatoni, akienda na kurudi kwa miguu. Alipoacha kazi, tuliogopa. Mtu yule akae nyumbani afanye nini? Mikebe mitatu ikawa kumi, kisha arobaini: pilipili mbuzi, pilipili kichaa, na nyingine nyeusi ambayo hakuna aliyejua jina lake. Aliihamisha asubuhi kufuata jua, akaihamisha tena adhuhuri. Muhogo wa kukaanga bila pilipili yake na ndimu aliuita chakula cha mgonjwa.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe. Tarehe 8 Aprili 1994 Caroline alisilimu, akaolewa na Akil, Mji wa Kale. Dada hakuhudhuria. Alisema hana binti. Miaka miwili hakulitaja jina lake, na miaka hiyo miwili hakulala vizuri hata siku moja.

Machi 1996 Akil alikuja Majengo, akasimama mlangoni.

"Mama, shikamoo. Caroline ana mimba na chakula hakimpiti. Asema pilipili za sokoni hazina harufu. Ataka zako."

"Mwambie anywe uji," dada akamjibu, akafunga mlango.

Kesho yake alibeba mkebe mmoja, mche umejaa pilipili mbivu, akatembea hadi Mji wa Kale. Alifika kwenye kichochoro chao, akaupita mlango bila kubisha, akarudi na mkebe nyumbani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Bi Shariffa, mamake Akil, alikuwa barazani.

"Mamangu, leo mara ya tatu wapita hapa na mche huo. Wauza?"

"Siuzi."

"Basi wamtafuta nani?"

Dada alinisimulia kwamba hapo alimnyooshea mkebe.

"Namtafuta mwanangu."

"Mwanao yu jikoni," Bi Shariffa akasema, akaupokea mkebe. "Alia tangu asubuhi. Ingia."

Dada aliingia jikoni. Caroline alichuma pilipili moja, akaila na wali mkavu, sahani nzima. Ndipo dada alipoketi. Mjukuu wake Yazid alizaliwa tarehe 19 Julai mwaka huo, na tangu hapo marehemu alikuwa Mji wa Kale kila Jumatatu na Alhamisi, akitengeneza achari na Bi Shariffa na kubishana naye juu ya chumvi.

Mvua za El Niño, Oktoba 1997, zilipoingia uani, alikesha akiokoa miche ndani ya maji ya magoti. Miguu ilianza kuvimba baada ya hapo. Madaktari walisema ni moyo. Mwezi uliopita alilazwa, lakini kitandani hakukaa. Alizunguka wodi akipanga mashuka ya wenzake.

"Mama Kiti, kitanda hiki kina miiba?" muuguzi Nasipwondi alimuuliza.

"Hakina. Kingekuwa nayo ningekuwa na la kufanya."

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Novemba 1998, saa nne asubuhi, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ndara miguuni, mkono wake mkononi mwa Caroline.

Ameacha mwanawe Kiti na mkewe Mwikali, binti yake Caroline na mumewe Akil, wajukuu watatu, mimi nduguye, na Bi Shariffa, ambaye alipoulizwa tumwandike vipi katika ratiba hii alisema, "Niandikeni dada."

Mwenyezi Mungu ampe pumziko, na ampe subira ya kulikubali.