Fundi Mkanda na Picha Zake za Nyeusi na Nyeupe

Ndugu jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza kaka yangu, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kusoma historia yake, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya haya nitakayoyasoma sikuyajua mpaka mwaka huu, ingawa tulizaliwa tumbo moja na tukalala kitanda kimoja kwa miaka kumi na miwili.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha sabuni, ambako mzee wetu alikuwa akifanya kazi kwenye matangi ya kuchemshia. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza 1963, akaendelea na sekondari mpaka Novemba 1967, na alikuwa hodari wa hesabu, ingawa mwalimu wa jiografia alimchapa mara mbili kwa kupaka ramani rangi ovyo ovyo, msitu akaufanya jangwa na jangwa akalifanya msitu, nami niliyekuwa madarasa mawili nyuma yake nikalifikisha jambo hilo nyumbani, tukalicheka mezani mpaka mama akapaliwa na chai, na kaka mwenyewe akacheka pamoja nasi.

Januari 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme, na mzee wetu akamtangazia kila aliyekutana naye kwamba nyumba yake sasa ina fundi. Tarehe 14 Juni mwaka huohuo kaka alirudi nyumbani na sanduku lake, akasimama mlangoni, akasema, "Umeme siutaki, nimeacha." Mzee akamjibu, "Basi na mimi sikutaki mezani pangu," na kwa miaka sita hawakusemezana. Miaka miwili baadaye mimi niliingia chuo kilekile, fani ileile, nikaajiriwa kwenye umeme na kudumu humo miaka thelathini na minne, na kila sikukuu nilipewa sifa mbele ya kaka yangu, nami nikazipokea.

Tarehe 1 Agosti 1968 marehemu aliajiriwa katika ukumbi wa sinema wa mtaa wa sokoni, mwanzo akikata tiketi mlangoni, na kuanzia 1971 akapandishwa kwenye chumba cha mashine, kichumba cha juu chenye joto kama tanuri na tundu moja la kuchungulia ukumbini. Mkanda ukikatika aliuunganisha kabla watu hawajaanza kupiga miluzi, ndiyo sababu mji mzima ulimwita Fundi Mkanda. Picha za rangi zilipoanza kuja kwa wingi, wenzake waligombania zamu za kuzionyesha, yeye akaomba apewe zile za zamani, za nyeusi na nyeupe, zilizoonyeshwa mchana wakati ukumbi una watu ishirini, na sisi nyumbani tukasema kaka amepitwa na wakati, kazi yake kuchungulia vivuli kwenye tundu.

Jumamosi tarehe 12 Aprili 1975 alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji wa nguo za kike, ambaye yuko nasi hapa leo, na tarehe 3 Oktoba 1977 wakajaliwa binti yao wa pekee. Shemeji ameniruhusu niseme ukweli, nami nitausema kwa kifupi. Alikuwa akimtuma mumewe uzi wa kijani analeta wa kahawia, anamtuma kitambaa chekundu analeta cha rangi ya majani, na akimuuliza yeye hunyamaza tu, hata shemeji akaamini kwamba ameolewa na mtu asiyemsikiliza. Mwaka 1983 waliachana, binti akaenda na mama yake, na kaka akahamia chumba kimoja nyuma ya ofisi ya posta, akaishi humo peke yake kwa miaka arobaini, kiti kimoja, kikombe kimoja, na picha ya binti yake ukutani.

Ukumbi ulifungwa tarehe 30 Novemba 1991, na hivi sasa mnauona unauza matairi. Mwenye ukumbi alimpa kaka mashine moja kuukuu na filamu kumi na moja zilizokosa mtu wa kuzichukua, zote za nyeusi na nyeupe, naye akazihamisha kwa mkokoteni, safari tatu, akazipanga chini ya kitanda. Februari 1992 aliomba chumba cha maktaba, akaanza kuzionyesha kila Jumamosi alasiri, bila kiingilio, na Jumamosi ya kwanza walikuja watu watano, wawili kati yao wakikimbia mvua. Kuna wiki aliyoonyesha kwa viti vitupu, hakuzima mashine. Lakini miaka ilivyokwenda watu waliongezeka, na ajabu ni kwamba wengi walikuwa vijana, wenye simu zilizojaa rangi za kila namna, wanaoingia wakicheka nguo na nywele za kizamani na kutoka wamenyamaza. Msusi mmoja ambaye hakukosa Jumamosi hata moja nilimuuliza wiki hii anafuata nini mle, akaniambia, "Baba, mle mtu akinyamaza unamwona anafikiri." Mimi, mdogo wake, nilikuwa nakaa mwendo wa dakika kumi kutoka maktaba hiyo, na kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kuingia.

Februari mwaka huu, 2023, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vya aina mbili vyenye umbo moja, vyekundu vya asubuhi na vya kijani vya jioni. Jumamosi tarehe 6 Mei alianguka pale maktaba akiwa anapachika mkanda, akakimbizwa hospitali, na daktari alipovimwaga vidonge vilivyobaki juu ya meza akaona hesabu haikubaliani hata kidogo. Akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, hivi huvitofautishi?" Kaka aligeukia ukutani, akasema, "Sijawahi." Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya uji mkononi.

Siku zilizofuata ndipo aliponieleza. Kule chuoni mwalimu alimwekea nyaya mezani, nyekundu na za kijani, akamwambia azitenganishe, mara tatu, na mara zote tatu akazichanganya, mwalimu akamwambia wewe ukipanda nguzo utaua mtu, naye akakusanya vitu vyake. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, akajibu, "Mlishaicheka ile ramani." Nikamuuliza tena, na sinema je, akatabasamu, akasema, "Mle ndani, kabla ya picha za rangi, watu mia nne waliona kile ninachokiona mimi. Hakuna aliyekuwa na zaidi yangu."

Nilimpigia simu shemeji nikamweleza, naye akasema, "Miaka minane nilidhani hanisikilizi. Angeniambia tu." Alikuja wodini mara mbili, na mara ya pili mimi nilitoka nje nikawaacha wazungumze.

Alipopata nafuu nilianza kwenda naye maktaba, nikikaa safu ya nyuma karibu na mashine. Jumamosi ya kwanza alionyesha picha moja ambayo mwanamke anakunja mashati ya mumewe aliyefariki, dirisha liko wazi, hakuna neno linalosemwa, na watu thelathini hawakukohoa. Mimi niliyeufanyia umeme kazi maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kutulia nikatazama mwanga ukimwangukia mtu usoni. Nilikwenda naye Jumamosi kumi na tatu. Baada ya hapo moyo ulichoka, akalazwa tena tarehe 2 Septemba, na Alhamisi tarehe 21, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na miaka sabini na mitano, peke yake, wakati mimi nimepanga foleni dirisha la dawa. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na mdogo wake.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari aliyeuliza swali ambalo sisi hatukuuliza, na muuguzi aliyeandika kwa wino kwenye kila pakiti, herufi kubwa, ASUBUHI na JIONI. Tunawashukuru majirani wa nyuma ya posta, waliomgongea mlango kila siku, wasimamizi wa maktaba, na nyinyi watu wa Jumamosi ambao naona mmejaza safu tatu hapo nyuma, mlikuwa nyumba yake kuliko tulivyokuwa sisi.

Kaka, nilikuwa na miaka hamsini na mitano ya kukuuliza kwa nini uliacha chuo, na sikukuuliza, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinifaa. Unisamehe, na upumzike kwa amani.